Pazia la Mafuta ya Kondoo

Jumamosi, tarehe sita Disemba. Asubuhi kulikuwa na mawingu, mchana jua likawaka la kuchoma utosi, na mnamo saa kumi upepo ukatoka upande wa Kajiado ukatuletea vumbi na harufu ya mvua, lakini mvua yenyewe haikufika. Tumerudi kutoka Mashuuru kumzika Yeyo. Hilo ni neno la Kimaasai la kusema mama, na sisi wapangaji wake tulimwita hivyo sote, hata mimi ambaye ni Mkamba. Jina lake lenyewe nalijua, lakini sitaliandika hapa, na sababu itaonekana mbele. Baada ya mazishi kijana wake Parsaloi, ambaye sasa naye ana mvi kwenye ndevu, aliniita nyuma ya nyumba akanionyesha kitu kimeegemea ukuta, kimefunikwa na gunia. "Dada Mwende," akasema, "hii aliniambia ni yako. Kila akihama chumba, amehama nayo." Nikafunua gunia. Ilikuwa ile fremu ya mbao, kitambaa chake kimegeuka rangi ya chai ya maziwa, na pembe moja panya wameila. Nikainama nikanusa. Mafuta ya kondoo, mpaka leo. Kioko, mume wangu, alikuwa amesimama nyuma yangu, na nikamsikia naye akivuta pumzi kwa pua.

Sasa nimeiweka hapa sebuleni, nimechukua daftari, na tayari naogopa. Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliachia darasa la nane, na daftari zangu hizi naandika kwa sababu nisipoandika naanza kuongeza chumvi, halafu baada ya miaka mitatu chumvi ndiyo inabaki na chakula kimeisha. Nimemwambia Kioko asome kila ukurasa, na tukitofautiana nitaandika yake pia, kwa maana alikuwa pale na macho yake si mabaya kuliko yangu. Nataka kuandika mwaka mmoja tu, ule mwaka wa kiangazi kikubwa, nilipokuwa na miaka ishirini na nne na cherehani yangu ya kwanza. Nikiufikiria mwaka ule siuoni kama mambo yaliyofuatana. Nauona kama chumba ambacho taa iko upande wa pili wa pazia, na watu wanapita katikati.

Kitengela wakati huo ilikuwa bado na nafasi kati ya nyumba na nyumba. Ng'ombe zilipita barabarani mbavu zikihesabika, zikila makaratasi na maua ya kanisa, na wachungaji walitembea nyuma yao bila kupiga mluzi. Ploti ya Yeyo ilikuwa vyumba sita vya mawe vilivyopangwa mstari mmoja, mfereji katikati ya uwanja, na chumba cha mbele, kikubwa kuliko vyote, ambacho kilikuwa cha wenyewe na kilikaa kimefungwa. Ndicho peke yake kilichokuwa na dirisha la maana, lenye grili ya vyuma vilivyosimama kama fito za boma. Mimi nilikuwa chumba kinachofuata, nashona mapazia ya watu waliokuwa wanajenga na kuhamia, na chumba changu kilikuwa kimejaa mapazia yaliyoning'inia hata mchana ulikuwa unaingia kwa rangi, kijani hapa, maziwa pale. Dari zetu zilikuwa moja. Ukiongea kwako, jirani anasikia. Ukinyamaza, anasikia hivyo hivyo.

Yeyo aliletwa mwezi wa tisa. Mumewe alikuwa ameondoka Mashuuru na ng'ombe zote kutafuta majani upande wa Rombo, chini ya mlima. Ng'ombe zilianguka njiani moja moja, na zilipoisha naye akaanguka, akazikwa huko huko na watu wa rika lake. Yeyo hakuona kaburi wala mzoga hata mmoja. Waliondoka asubuhi kwa miguu yao, mtu na mifugo yake, na kwake ni kama bado wanatembea. Parsaloi alikuwa na kazi Namanga, ya kupitisha mizigo mpakani, kwa hivyo akamleta kwenye chumba cha mbele ili awe karibu na watu. Na Yeyo akakataa kula. Sisemi aligoma, hakuwa mtu wa makelele. Alikunywa chai, basi. Parsaloi akija wikendi niliwasikia kupitia dari. Waliongea Kimaasai, na mimi nilishika neno moja tu, "shai, shai," ndiyo chai, halafu namsikia kijana akiwasha jiko. Jumapili moja alikuja kwangu akasimama mlangoni na kofia mkononi. "Dada Mwende, kliniki wamesema hakuna ugonjwa. Wanasema ni chakula tu. Wanasema akiendelea hivi, mwaka mpya atauonea kitandani, kama atauona. Wewe uko karibu. Mwangalie."

Nikamwangalia kwa njia niliyoijua. Kila jioni nilimpelekea muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, yamechemshwa na maharagwe mpaka yakalainika. "Takwenya, Yeyo," namsalimu kwa Kimaasai. "Iko," anajibu, kwa adabu, na anaangalia sahani kama mtu anayeangalia mgeni aliyekosea nyumba. Siku ya kwanza aliniuliza, "Hii mahindi, ngozi yake iko wapi?" Nikamwambia tumeitoa kwa kinu. "Kwa hivyo nyinyi Wakamba mnavua chakula nguo ndiyo mle." Nikacheka, naye hakucheka. Asubuhi sahani ilikuwa mlangoni kwangu, imejaa vile vile, imefunikwa vizuri na sahani nyingine. Hiyo ya kufunika ndiyo iliniumiza. Ilikuwa heshima, na ilikuwa hapana.

Sasa niingize dirisha. Kioko alikuwa chumba cha tano, fundi wa redio na televisheni, na wakati huo hatukuwa kitu zaidi ya majirani waliokopeshana jiko. (Kioko anasema tulikuwa zaidi kidogo. Nimeandika.) Alikuwa ameachiwa projekta na mwenye ukumbi wa kuonyesha mpira, biashara ilipofungwa, kitu kikubwa cheusi chenye sauti ya kinu, bila rimoti. Mwezi wa kumi na moja tulienda pamoja Nairobi kununua vifaa, mimi uzi, yeye waya, na tukapita duka moja la nguo ambalo dirishani ndani kulikuwa na theluji inaanguka. Si ya pamba iliyobandikwa. Ilikuwa inaanguka kwa mwanga, polepole, bila kufika chini, na nyuma yake nyota. Nilisimama pale na vumbi la kiangazi kwenye viatu vyangu. Sikutamani theluji, hata sasa sijui baridi hiyo ni ya nini. Nilitamani ule upole wa kuanguka. Kila kitu kilichoanguka mwaka ule kilianguka kwa kishindo. "Hiyo naweza," Kioko akasema. "Projekta inakaa ndani, watu wanakaa nje. Shida ni kioo. Kioo hakishiki mwanga, unapita tu. Inatakiwa kitu cha kuushika." Nikamwambia mimi ni mtu wa mapazia.

Tukaomba dirisha la Yeyo, kwa ajili ya Krismasi, kwa wale wasiosafiri. Alisema, "Fanyeni," kama mtu anayeruhusu upepo. Kwa hivyo wiki tatu nilikuwa naingia chumbani kwake kila jioni. Nakikumbuka kile chumba kuliko vyumba nilivyolala. Kitanda cha chuma, sanduku la bati la bluu, kibuyu cha maziwa kikavu kimetundikwa msumari, na kiti kimoja ambacho hakuna mtu alikikalia. Kioko alipata vipande vya mbao kwa mafundi wa samani, akatengeneza fremu iliyopungua kidole kimoja kwa kila upande wa dirisha, na mimi nikaanza kujaribu vitambaa. Shiti ya kitanda ilikuwa nzito. Mwanga ulikwama ndani yake kama maji kwenye godoro, na nje kukaonekana kivuli cha uji. Neti ya pazia ikaacha mwanga upite wote, na ukisimama nje huoni picha, unaona jicho la projekta linakuchoma. Karatasi ya nailoni ilishika picha vizuri lakini ikajikunja kwa joto na kulia kama mtu anafungua mkate. Mwisho nikajaribu laini, kile kitambaa chepesi cheupe cha kushonwa ndani ya koti. Nilikilowesha, nikakivuta kwenye fremu kikiwa maji, nikakipigilia misumari midogo ya kochi nikianza katikati ya kila upande nikielekea pembeni, kwa maana ukianza pembeni kinavuta mshazari. Kikakauka kikawa kama ngozi ya ngoma. Picha ikashika. Lakini ilikuwa hafifu, na katikati lile jicho bado lilikuwepo.

"Paka mafuta."

Tuligeuka wote wawili. Yeyo alikuwa amekaa kitandani, mikono magotini, na alikuwa ameongea bila kuulizwa, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu aje. "Mafuta gani, Yeyo?" Akainuka, akafungua sanduku la bati, akatoa chupa ya mafuta ya mkia wa kondoo, yameganda. "Ngozi ikiwa kavu, mwanga unakataa. Ukipaka mafuta kidogo, unaingia na kukaa. Si mingi! Wewe msichana utamwaga." Akachukua kipande cha pamba kwenye mkono wangu, akayapasha mafuta moto kwa taa ya chemni, akapaka mwenyewe, kwa mizunguko midogo, akianza juu. Nilikuwa naona mifupa ya mkono wake ikitembea chini ya ngozi. Kioko akawasha mashine. Theluji ikaanguka ndani ya kitambaa, laini, pana, na lile jicho likayeyuka likawa kama mwezi nyuma ya wingu. Chumba kizima kikanuka nyama choma ya mbali. "Eeh," Yeyo akasema. Usiku ule nilimletea muthokoi nikiwa na matumaini. Asubuhi sahani ilikuwa mlangoni, imefunikwa.

Hapa ndipo niwe mwangalifu. Parsaloi alikuwa na kamera ndogo, na kabla ya ile safari ya Rombo alikuwa amepiga filamu ya dakika chache, baba yake akinywesha ng'ombe birikani Mashuuru. Sauti haikushika, upepo ulikuwa mwingi. Ni picha tu. Aliponionyesha kwa kile kioo kidogo cha kamera, nikawaza: huyu mama hakuona mwisho wao, basi aone hata katikati yao. Aone kwamba walikuwepo. Labda kitu kitafunguka, labda atakula. Kioko anasema wazo lilikuwa lake. Inawezekana, lilikuwa linaonekana zuri, na wazo zuri halikosi baba wawili. Lakini hili linalofuata ni langu peke yangu. Parsaloi aliniambia, "Sawa, lakini muulize kwanza." Sikuuliza. Nilitaka iwe zawadi. Nilitaka, na hii sikuwahi kumwambia mtu, nilitaka nionekane.

Kioko akaijaribu filamu kwenye televisheni ya kazini kwake, ikacheza vizuri. Dirishani hatukuijaribu, ili Yeyo asiione mapema. Dirishani tulikuwa tumejaribu theluji, nyota na mshumaa, na hivyo vitu havina kulia wala kushoto.

Siku ya kuamkia Krismasi, saa moja jioni, wapangaji walitoa vigoda na mitungi wakakaa uwanjani. Mama Shiro wa chumba cha pili alileta ndoo ya mandazi. Nilimtoa Yeyo nje, nikamkalisha mbele, na shuka yake nyekundu mabegani. Kioko akabaki ndani na mashine. Theluji ikaanza, na watu wakapiga kelele. "Woi, niletee sweta!" mtu akasema. Mama Shiro akatikisa kichwa: "Wazungu wanateseka jameni. Unga yote hiyo inaanguka na hakuna mtu anasonga ugali." Watu wakacheka mpaka mtoto wa mtu akaamka. Niliangalia Yeyo. Mwanga wa theluji ulikuwa unateremka usoni mwake na alikuwa ametulia, na nadhani, lakini sina hakika, alikuwa karibu kufurahi. Kama ningeachia hapo. Nilisimama mbele ya watu nikasema kuna zawadi ya Krismasi kwa Yeyo wetu, kutoka kwa sisi watoto wake, na nikataja jina la mumewe. Lote, kwa sauti, majina matatu, vile sisi tunavyomheshimu marehemu kwa kumtaja.

Ng'ombe zikatokea dirishani. Nyuma ya zile grili zilionekana kama ziko ndani ya boma, zinatembea, zinainamisha vichwa majini, na mzee amesimama kati yao na fimbo, kofia imerudi nyuma. Mtu mmoja akasema "Wah," polepole. Yeyo akasimama. Alitembea mpaka dirishani, akaweka uso karibu na grili.

"Ng'ombe za nani hizi?"

"Zenu, Yeyo," nikasema. "Ni zenu."

"Zetu zinakatwa sikio la kushoto. Hizi ni za kulia." Hakupaza sauti. "Na huyu mtu anashika fimbo na kushoto. Hakuwa mtu wa kushoto." Akanigeukia, na nikaona kwamba macho yake yalikuwa yameshakimbia mbele, yamefika kwa furaha, na yamerudi mikono mitupu. "Mmetafuta ng'ombe za watu. Mmetafuta mzee wa watu. Halafu mmemwita jina." Akaingia ndani kwa mlango wake, akamwambia Kioko kitu kimoja, "Zima," na Kioko akazima. Watu wakachukua vigoda vyao. Mama Shiro alinipa andazi kama unavyompa mtu aliyefiwa.

Kupitia dari usiku ule sikusikia hata kikombe. Asubuhi ya Krismasi nilimpelekea chai, na hata chai ilirudi imefunikwa. Hapo nikaogopa kweli, kwa maana chai ndiyo ilikuwa uzi wa mwisho. Kioko ndiye aliyegundua. Alikaa mlangoni kwangu akichora kwa kidole hewani, kulia, kushoto, halafu akajipiga paji la uso. "Ni upande! Mashine iko ndani, sisi tuko nje. Tunaiangalia kwa nyuma. Imegeuka." Nikasimama niende nimwambie Yeyo. Akanishika mkono. "Ngoja. Amesema si yeye. Labda ni afadhali. Ukimwambia ni yeye kweli, na kwamba tulimgeuza, na tukamwita, hapo utakuwa umemuulia mumewe mara ngapi? Wacha aamini tulikosea mtu." Siandiki hivi kumchongea Kioko. Alikuwa anamhurumia, na alichosema kilikuwa na akili, na sehemu yangu kubwa ilikubali, kwa maana ingenisaidia mimi. Nilikaa nayo mpaka mchana. Kilichonishinda ni yale macho yaliyorudi mikono mitupu. Nilikuwa nimemnyang'anya mtu wake mara ya pili, na yeye alidhani hakuwa wake.

Saa tisa nikachukua koti la mteja nililokuwa naweka laini, nikagonga. Alikuwa kitandani, ameelekea ukuta. Sikujua kuanza, kwa hivyo nikaanza na koti. "Yeyo, angalia mfuko. Uko kulia." Nikaligeuza ndani nje. "Sasa uko wapi?" Akageuka kuangalia. "Uko kushoto. Koti ni lile lile. Jana tulikuwa tunaangalia kwa upande wa ndani wa nguo. Walikuwa wao, Yeyo. Ng'ombe zenu, na yeye. Ni mimi niliwaonyesha vibaya. Na sikukuuliza. Parsaloi aliniambia nikuulize na sikukuuliza."

Alichukua koti akaligeuza, akaligeuza tena. Nje nilisikia Mama Shiro akiosha vyombo mferejini, kimoja kimoja. "Ulimwita," akasema mwishowe. "Sisi mtu aliyeenda hatumwiti. Unaweza kusema baba ya Parsaloi. Unaweza kusema yule. Ukimwita jina, anageuka kuangalia nyuma." Akanirudishia koti. "Ndiyo sababu aligeuka." Nimeishi na maelezo hayo mawili, ya Kioko na ya Yeyo, miaka hii yote. Nashona kwa yale ya Kioko. Lakini tangu siku hiyo jina lile sijalitaja, na hapa sijaliandika.

"Na mtu akikaa huku ndani," akauliza, "na hiyo mashine, anaona nini?"

"Huku ndani iko sawa."

Akafikiri. "Basi jioni leta."

Uwanjani watu walikuwa wamekaa tena, wakingoja theluji, na ninasema kwa haki yao kwamba walipata ng'ombe za kugeuka na hakuna aliyelalamika. Ndani tulikuwa watatu. Mashine ilikuwa inavuma juu ya meza yangu ya kukatia, Kioko amekaa sakafuni kando yake, na Yeyo alikuwa kwenye kile kiti kimoja ambacho hakuna mtu alikikalia. Mafuta yalianza kunuka. Kisha kitambaa kikajaa. Sitaweza kuliandika hili vizuri. Kutoka ndani, ukiwa upande wa mwanga, hazikuwa kama picha dirishani. Zilikuwa kama dirisha limefunguka na Mashuuru iko pale nje, asubuhi, na maji. Sikio la kushoto. Fimbo kulia. Yeyo akaanza kuziita ng'ombe, kwa sauti ya chini, kila moja kwa rangi yake au kwa pembe yake, maneno ya Kimaasai ambayo siyajui, na ninaapa moja ilinyanyua kichwa. Kioko anasema ilinyanyua kichwa kila tulipocheza filamu, mahali pale pale. Ni kweli. Nimesema tu nilichoona.

Mwisho wa filamu mzee anageuka kwa kamera, anaongea, na mdomo unatembea bila sauti. Yeyo akacheka. Kicheko kikavu, kama mlango uliokaa bila kufunguliwa.

"Anasema nini, Yeyo?"

"Anamwambia Parsaloi aache upuzi aje ashike ndama." Akafuta macho na pembe ya shuka. "Kila siku alikuwa anasema hivyo. Rudisha."

Kioko akarudisha. Tukaitazama mara nne, au tano. Kioko anasema sita. Nje watu walikuwa wameanza kuimba nyimbo za Krismasi, na sauti zao zilikuja kupitia kitambaa, kwa hivyo kuna wakati ilionekana kama wao ndio wako birikani. Halafu Yeyo akainua mkono na Kioko akazima, na tukakaa na giza na ule moto wa mashine inayopoa.

"Msichana," akasema. "Ile mahindi yenu ya uchi. Bado iko?"

Ilikuwepo. Nilikimbia, sandali moja ikabaki mlangoni. Nilipoleta sahani aliichunguza kwa taa, akauliza kama niko na maziwa, na nilikuwa nayo, ya chai ya kesho. Akamwaga yote juu ya muthokoi mpaka mahindi yakaelea, kitu ambacho mama yangu angeona akalia, akachukua kijiko na akala. Hakula haraka. Alikula kama mtu anayesoma. Mimi na Kioko tuliangalia ukuta ili asione tunamwangalia. Asubuhi sahani ilikuwa mlangoni kwangu, tupu, imeoshwa, haijafunikwa.

Balbu ya projekta iliungua mwezi wa kwanza na hatukupata nyingine. Yeyo alisema fremu ibaki kwake. Baadaye mvua zilikuja, akarudi Mashuuru, akapata ng'ombe tena, chache, sikio la kushoto. Kila nilipomtembelea nilijua iko mahali, sikuuliza. Leo kaburini pasta alitaja jina lake kwa kipaza sauti mara tatu, na simlaumu, ni jina alilombatiza nalo na kazi yake ni hiyo. Lakini niliangalia Parsaloi, naye akaangalia chini, na mimi kwa moyo nikasema: usigeuke, Yeyo, endelea.

Jua limeingia wakati naandika. Kioko amebeba fremu bila kuniuliza akaisimamisha dirishani, na mwanga wa mwisho umekaa ndani ya kitambaa, wa manjano, wenye vivuli vya grili, na harufu ile imejaa sebule. Tumekaa upande wa ndani. Tumekula muthokoi niliyoipika jana kabla ya safari, na nimemwagia maziwa. Kioko ameangalia sahani yangu kwa muda, halafu amevuta jagi akamwagia na yake.